Kunyimwa Kura: Na Nani, kwa Sheria Ipi?

Chukua watu wanne wa mkoa wetu wa Ruvuma. Wa kwanza anatumikia kifungo cha miaka miwili katika Gereza la Kitai, wilayani Mbinga. Wa pili ni mkulima wa tumbaku wa Namtumbo. Kafika kituoni alfajiri, kapanga foleni, kumbe jina lake halimo katika orodha iliyobandikwa ukutani. Wa tatu ni mama wa Lizaboni, hapa Songea mjini, aliyehamia kutoka Tunduru na kadi yake ingali inamtambua kuwa mpiga kura wa huko. Wa nne ni kijana wa Mfaranyaki. Kadi anayo, jina lipo, kituo kiko karibu na kwao, ila siku ya uchaguzi alijifungia ndani kwa hofu.

Gazeti la Kiingereza laweza kuwaeleza wote wanne kwa neno moja, disenfranchised, na msomaji wake asione ajabu. Mhariri wetu akilitafsiri ataandika kwamba wamenyimwa haki ya kupiga kura. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haimsaidii hata mmoja kati yao. Mfungwa amezuiwa na sheria iliyoandikwa. Mkulima huenda amefutwa kwa uzembe wa ofisi. Mama amekwamishwa na utaratibu ambao hakuna aliyekwenda kumweleza. Kijana amezuiwa na hofu, na hofu hiyo ina mwenyewe. Mmoja anahitaji Bunge au Mahakama Kuu, mwingine anamhitaji mwandikishaji wa kata yake, mwingine anahitaji polisi wamlinde. Ukiwaita kwa jina moja, wote wanabaki wakilalamika mahali pasipo na mtu wa kuwajibu.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za sheria, na katika nyaraka za uchaguzi hakuna neno linalodai uangalifu kama hili. Kiswahili chetu kina vitenzi vya kutosha kulikabili. Mtu hunyimwa kitu alichokuwa akikiomba au anachostahili kupewa. Hunyang’anywa kile ambacho tayari kilikuwa mkononi mwake. Huvuliwa cheo au uraia na mwenye mamlaka. Hufutwa kwenye daftari. Huzuiwa mlangoni. Mgombea huenguliwa. Tatizo ni kwamba vyote hivyo, tukiviweka katika kauli ya kutendwa, vinamficha mtendaji, na katika habari za uchaguzi mtendaji ndiye habari yenyewe.

Tulitazame kwanza neno la Kiingereza lilikotoka. Shina lake ni franchise, lililochukuliwa kutoka Kifaransa cha kale likiwa na maana ya uhuru, yaani hali ya mtu asiye mtumwa wala mtwana. Kumpa mtu franchise kulikuwa kumwachia huru au kumpa haki za mwenyeji wa mji. Kumwondolea haki hizo kukaitwa disfranchise, umbo lililoonekana katika maandishi tangu karne ya 15. Umbo refu, disenfranchise, lilifuata katika karne ya 17. Maana yake ni ile ile. Leo waandishi wengi hutumia umbo refu, na umbo fupi limebaki zaidi kwa wanahistoria, hasa wanaoandika juu ya majimbo ya kusini ya Marekani. Ukiyakuta yote mawili katika kitabu kimoja usihangaike kutafuta tofauti ya kisheria, haipo.

Kwa muda mrefu neno hili liliweza kuuhusu mji mzima, si mtu mmoja mmoja tu. Sheria ya Mageuzi ya Uingereza ya mwaka 1832 iliiondolea miji midogo 56 haki ya kupeleka wabunge London. Mmojawapo ulikuwa Old Sarum, mahali palipokuwa pamebaki kilima na magofu, lakini paliendelea kupeleka wabunge wawili kwa matakwa ya wenye ardhi. Kwa Kiingereza cha wakati ule mji huo ulikuwa disfranchised, na wapenda haki walishangilia. Neno halikuwa na uchungu wowote.

Uchungu uliingia Marekani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, Marekebisho ya 15 ya Katiba, mwaka 1870, yalikataza mtu kuzuiwa kupiga kura kwa sababu ya rangi yake. Wanaume Weusi wa kusini walipiga kura, wakachaguliwa, wakakaa bungeni. Kisha wenye nguvu wakatafuta njia ya kuwanyang’anya bila kutaja rangi. Mississippi, katika katiba yake ya mwaka 1890, iliweka kodi ya kupigia kura na mtihani wa kusoma au kueleza katiba, mtihani ambao karani mweupe ndiye aliyeamua nani amefaulu. Louisiana ikaongeza mwaka 1898 kifungu kilichomsamehe mtihani mtu ambaye baba au babu yake alikuwa mpiga kura kabla ya mwaka 1867, yaani mtu mweupe. Mwaka 1896 Louisiana ilikuwa na wapiga kura Weusi 130,334 walioandikishwa. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Hapo kitenzi ni kimoja tu, kunyang’anywa, na mtendaji anajulikana kwa jina, tarehe na kifungu. Ilichukua hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 kuanza kuirudisha haki ile.

Hapa kwetu historia ilikuwa ya namna nyingine, na ndiyo maana neno la Kimarekani halitukai vizuri. Wazee wetu hawakunyang’anywa kura, hawakuwahi kupewa. Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea tarehe 27 Februari 1906, katika Vita vya Maji Maji, na baada yao wakaja Waingereza. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia humo mwaka 1945 kwa kuteuliwa na gavana. Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe wake ulikuja mwaka 1958 na 1959, na masharti yake yanafaa kukumbukwa na kila kijana anayedhani kwamba kura ni kitu kilichokuwapo tangu zamani.

Mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au ashike cheo kinachotambuliwa na serikali. Fikiria ni wangapi katika Songea ya wakati ule, wilaya ya wakulima wa mahindi na tumbaku na ya vijana waliokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, waliokuwa na paundi 150. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane na nusu. Walioandikishwa kupiga kura hawakufika 60,000. Tena yule aliyefuzu masharti alilazimika kupiga kura tatu kwa mkupuo: moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa Mzungu, moja kwa Mwasia. Karatasi isiyokuwa na majina yote matatu ilihesabiwa kuwa imeharibika. Mwafrika mwenye kipato, mwenye elimu, aliyeingia chumbani na penseli yake, alikuwa bado hana uhuru wa kusema kwamba anamtaka huyu peke yake.

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua kama iususie uchaguzi huo. Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na hatua hiyo ikaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Huwa nawasoma wote wawili kwa heshima. Nyerere aliona kwamba kura mbovu yaweza kutumika kuvunja ubovu wake wenyewe, na TANU ilishinda. Mtemvu aliona kwamba masharti yale ni matusi, na yalikuwa matusi kweli. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa, ikatosha mtu kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha paundi 75, na walioandikishwa wakafika karibu 885,000. Kipimo cha mali na cheti kiliondoka kabisa baada ya uhuru.

Sasa tufungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 5 inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Ibara ndogo ya pili inaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kumzuia raia asiitumie haki hiyo, kwa sababu nne tu: uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Kisha inafunga mlango kwa kusema kwamba zaidi ya hizo hakuna sababu nyingine yoyote inayoweza kumzuia raia.

Namwomba msomaji aangalie jinsi ibara hiyo ilivyoandikwa. Haisemi kwamba haki inaondolewa. Inasema raia anazuiwa asiitumie. Haki inabaki yake. Matumizi yake ndiyo yanayosimamishwa. Kwa hiyo mfungwa anapotoka gerezani harudi kuomba haki upya kama mgeni anayeomba uraia. Sababu ya kumzuia imekwisha, naye anakwenda kuandikishwa kama jirani yake yeyote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wako watu wa Bombambili na Ruhuwiko waliowahi kufungwa wanaoamini kwamba jina lao limechafuka maisha yote. Huenda wamesikia habari za Marekani. Huko baadhi ya majimbo yaliwazuia waliomaliza vifungo hadi kufa, na Florida ilibadili kanuni hiyo kwa kura ya wananchi mwaka 2018, kisha mwaka uliofuata bunge la jimbo likawadai walipe kwanza faini na gharama zote za mahakama. Maine na Vermont, kwa upande mwingine, humwachia mfungwa apige kura akiwa gerezani. Hayo ni ya kwao. Ya kwetu yameandikwa katika ibara ya 5.

Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya zamani, Sura ya 343, ilisema katika kifungu cha 11 kwamba haandikishwi mtu aliyehukumiwa kifo au kifungo kinachozidi miezi sita. Haikutaja kosa. Aliyeiba kuku akapata miezi saba alizuiwa; aliyefanya jambo zito zaidi akatozwa faini hakuzuiwa. Tito Magoti na John Tulla walikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu hicho, na Desemba 2022 mahakama ikakubaliana nao kwamba kinakwenda kinyume cha Katiba. Hoja ni nyepesi kuielewa ukishasoma ibara ya 5: Katiba inazungumzia makosa fulani, yaani makosa yatakayotajwa, si urefu wa kifungo. Bunge lilitakiwa lichague makosa na kuyaandika. Lilichagua kalenda.

Kwa mtazamo wangu hiyo ni mojawapo ya hukumu muhimu kabisa kuhusu kura tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, na haijazungumzwa vya kutosha. Mwaka 2024 tulipata sheria mpya ya uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, na Tume ikaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Katika uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura uliofuata, Tume iliandikisha watu magerezani: mahabusu, na wafungwa wanaotumikia vifungo vya chini ya miezi sita. Kuingia kwa vifaa vya uandikishaji ndani ya gereza ni hatua kubwa, nami naipongeza kwa moyo. Lakini kipimo cha miezi sita, kile kile ambacho mahakama ilikikataa, kimerudi kutumika. Mfungwa wetu wa Kitai mwenye miaka miwili yuko nje bado. Jina sahihi la hali yake ni kuzuiwa kwa kipimo ambacho Mahakama Kuu ilisema hakina msingi katika Katiba. Ni maneno mengi kuliko “kunyimwa haki”, ila yanamwambia mbunge wake jambo la kufanya.

Wengine wamekwenda mbele zaidi. Kenya, wafungwa walipiga kura ya maoni ya Katiba mwaka 2010 baada ya mahakama kuamua hivyo, na mwaka 2017 wakapiga kura ya urais. Katiba yao ya 2010 humzuia aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia, wametaja kosa. Afrika Kusini iliwaruhusu wafungwa kwa uamuzi wa Mahakama ya Katiba mwaka 1999. Uingereza yenyewe, tuliyorithi kwake sehemu kubwa ya lugha yetu ya sheria, iliambiwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2005, katika shauri la Hirst, kwamba kuwazuia wafungwa wote kwa pamoja wasipige kura ni kuvunja haki.

Mahabusu ni jambo jingine, na hapa lugha ya mitaani hutuponza kwa kumwita “mfungwa” kila aliye nyuma ya lango. Mahabusu hajatiwa hatiani. Katiba haina kifungu kinachomgusa. Tarehe 9 Aprili 2025 mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa Mbinga, mkoani kwetu, baada ya mkutano wa hadhara, na kesho yake akafikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa shtaka la uhaini, kosa lisilo na dhamana. Iwe ni mtu mashuhuri kama yeye au kijana wa Msamala anayesubiri kesi ya pikipiki, asiyehukumiwa ana haki yake yote. Akikosa kupiga kura, aliyemkosesha ni ofisi iliyoshindwa kumfikishia kituo, si sheria.

Ugonjwa wa akili nao nitaugusa kidogo, kwa sababu unatumiwa vibaya. Sheria iliposema juu ya mtu asiye na akili timamu ilimaanisha aliyetangazwa hivyo kwa mujibu wa sheria. Maneno ya majirani hayatoshi. Karani hana mamlaka ya kumrudisha nyumbani kaka yako kwa sababu mtaa mzima humwita chizi, wala kwa sababu ana kifafa, wala kwa sababu anaongea peke yake akitembea.

Turudi kwa mkulima wa Namtumbo. Tume hueleza kwamba uboreshaji wa Daftari la Kudumu hufanywa ili kuandikisha wapya, kurekebisha taarifa, kuhamisha waliohama na kuwaondoa “waliopoteza sifa”. Maneno hayo mawili ya mwisho ni mapana mno. Wamo waliofariki, wamo walioukana uraia, wamo waliohukumiwa. Jina la aliye hai likiondolewa kwa kudhaniwa kuwa ni la marehemu, Kiingereza kitasema tena disenfranchised, lakini huyu ni mtu aliyefutwa kimakosa, na kosa la daftari hurekebishwa kwa daftari. Ndiyo sababu daftari la awali hubandikwa hadharani: ili mwananchi alisome, aweke pingamizi dhidi ya jina lisilostahili au atetee jina lake lililopingwa. Asiyeridhika na uamuzi huenda Mahakama ya Wilaya. Nafasi hiyo hupita kimya katika vijiji vingi kwa sababu watu wako mashambani, na tangazo limebandikwa kwenye ofisi ambayo mtu haendi mpaka awe na shida.

Mama wa Lizaboni alihitaji kuhamisha taarifa zake wakati wa uboreshaji. Hakukatazwa na mtu. Ila mkoa huu una watu wanaohama sana: wa korosho Tunduru, wa kahawa Mbinga, wavuvi wa Ziwa Nyasa, wanaofuata mashamba mapya Madaba. Utaratibu unaomtaka kila anayehama akumbuke tarehe za uandikishaji unawaacha nje hasa watu maskini wanaohama kutafuta riziki. Mkanganyiko ulizidi mwaka 2024. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba ulikuwa na orodha yake, iliyoandikwa na mamlaka za TAMISEMI kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba, mbali kabisa na Daftari la Kudumu la Tume. Mwenye kadi ya Tume asiyejiandikisha katika siku hizo kumi hakuwa na sauti katika kumchagua mwenyekiti wake wa mtaa. Kadi ilikuwa halali. Uchaguzi ndio uliokuwa mwingine. Huyu alikoseshwa kura kwa kukosa taarifa, na lawama kubwa naiweka kwa walioendesha madaftari mawili ndani ya mwaka mmoja bila kuyaeleza kwa sauti ya kutosha.

Zanzibar ina masharti yake ya ukaazi na vitambulisho, na mwaka 2009 uandikishaji Pemba uliingia katika mvutano mkali kwa sababu wasiokuwa na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hawakuandikishwa. Watanzania walio nje ya nchi, wakiwemo ndugu zetu waliovuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji na wengine walioko Afrika Kusini, hawana kituo cha kupigia kura huko waliko. Ilhali Wakenya waishio Tanzania walimpigia kura rais wao mwaka 2013 wakiwa huku huku.

Nafika sasa kwenye sehemu ngumu. Je, mtu mwenye kadi, jina na kituo anaweza kusemwa kwamba amenyimwa kura kwa sababu mgombea aliyemtaka hayumo kwenye karatasi? Waandishi wa Kiingereza husema ndiyo, bila kusita. Mimi ningetenganisha. Haki ya kupiga kura iko katika ibara ya 5. Haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, ambayo ndani yake mna kuchagua na kuchaguliwa, iko katika ibara ya 21. Christopher Mtikila alipigania hiyo ya pili miaka mingi, akitaka raia aruhusiwe kugombea bila chama, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilimpa ushindi mwaka 2013. Kugombea binafsi hakujaruhusiwa hadi leo.

Katika miaka ya chama kimoja tulichagua mbunge kati ya alama za jembe na nyumba, na rais kwa ndiyo au hapana. Kura ilikuwapo, chaguo lilikuwa jembamba. Aprili 2025 Tume ilisema Chadema hakitashiriki uchaguzi kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Baadaye Luhaga Mpina, aliyesimamishwa na ACT-Wazalendo kugombea urais, aliondolewa. Wafuasi wa vyama hivyo hapa Songea walikuwa na kadi zao mifukoni. Kitenzi sahihi kwa wagombea wao ni kuenguliwa, na kwa wao wenyewe ningesema wamenyimwa chaguo. Sisemi hivyo kupunguza uzito wa jambo. Nasema hivyo kwa sababu aliyenyimwa chaguo hawezi kusaidiwa na karani wa Daftari. Shauri lake liko kwenye sheria ya vyama, kanuni za uteuzi na uhuru wa Tume, na huko ndiko linakopaswa kusukumwa.

Na kijana wa Mfaranyaki? Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, nchi ilishuhudia maandamano na vifo, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Kumtisha mpiga kura ni kosa la jinai katika sheria yetu, bila kujali anayetisha ni mfuasi wa chama, kundi la mtaani au mtu mwenye sare. Nawasihi waandishi wenzangu wasimwite huyu kijana “aliyesusa” wala “asiyejali”. Ametishwa, na atakayeripoti habari yake aandike ametishwa na nani.

Kabla sijaweka kalamu chini, maneno mawili kwa wanaotafsiri. Kiingereza cha leo kimelitandaza disenfranchised hadi kwa yeyote anayejiona kuwekwa kando. Ripoti ikizungumzia “disenfranchised youth” wa mjini, mara nyingi haihusu kura hata kidogo. Ni vijana waliotengwa, wasio na kazi wala wa kuwasikiliza. Ukiandika kwamba vijana hao wamenyimwa haki ya kupiga kura umewazulia jambo. Na suffrage haina undugu na suffering: ni neno la Kilatini la kura, wala halimaanishi mateso, ingawa nimeona limeandikwa hivyo.

Uboreshaji wa Daftari ukitangazwa tena, nenda na kadi yako, na mchukue mzazi wako na jirani aliyetoka gerezani. Daftari la awali likibandikwa, lisome jina kwa jina. Ukirudishwa, usiondoke na jibu la mdomo: omba sababu kwa maandishi, uliza ni kifungu gani cha sheria, andika tarehe na cheo cha aliyekujibu, kisha ifikishe karatasi hiyo Mahakama ya Wilaya ndani ya muda uliowekwa. Na mbunge wako akija kuomba kura, muulize lini Bunge litayataja makosa yale ambayo ibara ya 5 ilitaka yatajwe.